Sataranji haikumuua Gashimov, ila usiku unaweza kumwangusha mwanao

*"Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Ana kifafa tangu akiwa na miaka 9, anameza dawa, na mwaka jana wote alianguka mara moja tu. Miezi minane iliyopita alijifunza sataranji kwenye simu na sasa ndiyo dunia yake. Huko mtandaoni yeye na vijana wenzake wana mtu wao wanayemtukuza, mchezaji wa Azerbaijan aitwaye Vugar Gashimov. Hata picha ya akaunti yake ameweka ya huyo mtu. Kumbe ni marehemu, alikufa kijana, na alikuwa na kifafa kama mwanangu. Shemeji yangu anasema mchezo ndio uliomuua, kwamba kufikiri kulimchosha ubongo mpaka ukaota uvimbe. Tangu Ramadhani mwanangu ameanguka mara tatu, zote asubuhi. Nimeficha simu, sasa hasemi na mimi. Natamani arudi kuogelea baharini na wenzake kama zamani. Nimefanya sawa? Na kwa nini watoto wampende mtu ambaye hata ubingwa wa dunia hakuupata?"*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama daktari wa mishipa ya fahamu, mara ya pili kama mzee anayecheza sataranji kwenye simu baada ya isha na kupigwa na watoto asiowajua. Umeniuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na lile unaloliogopa zaidi ndilo jepesi kulijibu, kwa hiyo tuanze nalo.

Sataranji haikumuua Gashimov. Shemeji yako hana nia mbaya, lakini amechukua mambo mawili ya kweli akayashona kwa uzi wake mwenyewe. Ni kweli Gashimov alikuwa na kifafa tangu ujanani. Ni kweli pia kwamba alifariki kwa uvimbe wa ubongo, hospitalini Heidelberg, Ujerumani, tarehe 10 Januari 2014, akiwa na miaka 27. Uzi wa shemeji, kwamba kufikiri ndiko kulikootesha uvimbe, ndio usiokuwepo. Uvimbe wa ubongo huanza pale chembe za mwili zinapogawanyika bila kusikia amri ya kuacha, kwa sababu ya hitilafu ndani ya vinasaba vyake. Kazi ya kufikiri haimo. Ubongo una kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake, uwe unatafuta pa kumpeleka farasi au umelala chali unahesabu mbao za dari. Ukifikiri kwa bidii, matumizi hayo yanapanda kidogo tu. Na kama sataranji ingekuwa inaua kwa kuchosha, mchezaji mkubwa Yuri Averbakh wa Urusi asingefika miaka 100. Alifika, akafariki Mei 2022. Vasily Smyslov, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1957, alikwenda mpaka 89.

Uelekeo wa mambo pia ni muhimu. Uvimbe unaweza kuleta kifafa. Kifafa hakigeuki kuwa uvimbe. Na watoto wengi wenye kifafa hawana uvimbe wowote. Huku kwetu, tukipata chanzo, mara nyingi ni uzazi uliokuwa mgumu, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, au minyoo ya nguruwe iliyofika kwenye ubongo. Mara nyingine hatupati chanzo kabisa, na mtoto anatibika vilevile. Katika kila watu 10 wenye kifafa, hadi 7 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi kwa kipimo sahihi.

Sasa huyo mtu mwenyewe. Uliponiuliza kwa nini wampende ambaye hakupata ubingwa, nilicheka kidogo, unisamehe, kwa sababu nami ni mmoja wao.

Gashimov alizaliwa Baku tarehe 24 Julai 1986. Mji huo una desturi yake na sataranji. Garry Kasparov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, kazaliwa hapo hapo mwaka 1963. Katika miaka mitatu tu Azerbaijan ilipata vijana watatu wa hatari: Shakhriyar Mamedyarov, mzaliwa wa Sumgait, 1985, Gashimov, 1986, Teimour Radjabov, 1987. Mwaka 2009 vijana hao waliipa nchi yao medali ya dhahabu ya timu za Ulaya, kule Novi Sad, Serbia. Novemba mwaka huo huo Gashimov alikuwa wa 6 duniani. Mwaka mmoja kabla, kwenye mashindano makubwa nyumbani kwao Baku, alikuwa amemaliza kileleni akilingana pointi na Wang Yue wa China na kijana wa Norway aitwaye Magnus Carlsen. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha.

Lakini vijana wa mtandaoni hawapangi mapenzi yao kwa orodha ya mabingwa. Bingwa unamheshimu. Unayempenda ni yule ambaye michezo yake ukiirudia hatua kwa hatua unasema, hii ningetamani niicheze mimi. Na sataranji ina jambo ambalo mpira hauna: karibu michezo yote ya wakubwa imehifadhiwa, kila hatua, na mtoto mwenye simu ya bei rahisi anaweza kukaa kwenye kiti cha marehemu na kuona kile alichokiona. Gashimov alijulikana kwa ukali wake kwenye michezo ya haraka, ile ya dakika chache ambako mkono unakimbia na akili inafuata nyuma. Huo ndio mchezo wa mtandaoni. Ndiyo lugha ya vijana hawa.

Halafu kuna Benoni. Muulize mwanao, bila shaka anaijua. Ni ufunguzi, yaani mpango wa hatua za kwanza, wa upande mweusi ambao wakubwa wengi walikuwa wameuweka kando kwa kuuona wa hatari mno, naye Gashimov akautumia mbele ya watu wazito kabisa. Nikuonyeshe kwa karibu, ili siku akikueleza usitikise kichwa tu. Mweupe anamsukuma askari wake mpaka mraba wa d5, katikati kabisa, pale anambana mweusi kama mtu aliyekaa katikati ya benchi la daladala na mifuko yake. Mweusi anakubali kubanwa. Anachopata badala yake ni askari watatu dhidi ya wawili upande wa malkia, njia ya e, yaani safu wima ya ubao, kwa ajili ya ngome yake, na askofu aliyejificha pembeni, mraba wa g7, anayetazama mshazari mzima mpaka upande wa pili wa ubao. Ukikosea hatua moja unakufa umebanwa. Ukipatia, askofu yule anafunguka na nyumba ya mweupe inaungua. Kijana wa miaka 15 hawezi kuona kitu kama hicho akakiacha. (Kama anapoteza sana siku hizi, Benoni ndiyo sababu. Mwambie mzee mmoja amemshauri ajifunze kwanza ufunguzi mtulivu zaidi. Hatanisikia.)

Wenzake wakubwa nao walimpenda. Mashindano yake ya mwisho makubwa yalikuwa Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 2012, halafu ugonjwa ukamtoa mchezoni. Alipofariki, Azerbaijan iliandaa mashindano ya kumkumbuka katika mji wa Shamkir, Aprili 2014, miezi mitatu tu baada ya msiba. Carlsen, wakati huo tayari bingwa wa dunia, alikuja. Walikuja pia wachezaji wakali Caruana, Nakamura na Karjakin, wakakaa na rafiki zake wawili, Mamedyarov na Radjabov. Carlsen alipoteza michezo miwili mfululizo, mmoja kwa Caruana na mmoja kwa Radjabov, jambo adimu kwake, kisha akainuka na kulichukua kombe siku ya mwisho. Mashindano hayo yaliendelea miaka iliyofuata, na kila yalipochezwa jina la Gashimov lilirudi vinywani mwa watoto ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai.

Ila nadhani kwa mwanao kuna sababu ya karibu zaidi. Umeandika "kumbe", kana kwamba habari ya kifafa imewafikia nyote kwa mpigo. Wewe ndiye uliyejua juzi. Yeye, naamini, alijua tangu mwanzo. Mtoto mwenye kifafa shuleni anajua maana ya kuanguka mstarini asubuhi, kuamka suruali imelowa na wenzake wamesimama mbali wakiogopa povu. Anajua wanaosema ana pepo na wanaosema kinaambukiza, ingawa hakiambukizi, hata ukimfuta povu kwa mkono wako. Kisha anakutana na mtu mwenye ugonjwa ule ule, aliyekaa meza moja na Carlsen, na humo mtandaoni watu wanasema jina lake kwa heshima. Mimi ningeiweka picha hiyo pia. Usiitoe, mama.

Basi kwa nini anaanguka? Hapa ndipo barua yako ilinifanya nikae sawa.

Mara tatu tangu Ramadhani, zote asubuhi, kwa kijana aliyeanguka mara moja mwaka mzima. Kuna mambo manne ningeyatafuta, na sataranji yenyewe ni dogo kuliko yote.

La kwanza ni usingizi. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kifafa. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na kuna breki zinazozuia umeme huo usisambae wote kwa wakati mmoja. Usingizi mfupi unazilegeza breki hizo, na saa mbaya zaidi kwa baadhi ya vijana ni ile ya kuamka. Sasa fikiria michezo ya mtandaoni. Wapinzani hawaishi, huku ni saa saba za usiku, Marekani ni jioni. Kila mchezo ni dakika tatu, na aliyepoteza hawezi kulala akiwa amepoteza, lazima airudishe. Nakuambia hivi kwa uzoefu, na mimi ni mtu mzima mwenye kliniki asubuhi. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

La pili ni dawa. Kama alifunga na akazipanga dozi zake wakati wa futari na daku, basi usiku zilikuwa karibu karibu na mchana kukawa na pengo la saa kama kumi na nne. Kwa baadhi ya dawa pengo hilo linatosha kumwangusha. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na hilo mlizungumze na daktari wenu kabla ya mwezi kuandama, pamoja na shekhe kama moyo wako utatulia hivyo. Kuna pia jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: je, kipimo cha dawa kimeongezwa tangu akiwa na miaka 9? Mtoto amekua, huenda uzito wake umeongezeka maradufu, na kidonge ni kile kile.

La tatu nakuomba ulijibu kwa kumwangalia, si kwa kukumbuka. Asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, mikono yake hushtuka? Kikombe cha chai humponyoka? Mswaki huruka? Watu husema "huyu mtoto mzembe", kumbe ni dalili. Kuna aina ya kifafa inayojitokeza wakati wa kubalehe yenye mishtuko ya namna hiyo asubuhi, hasa baada ya kulala vibaya, na wakati mwingine kifafa cha utotoni hugeuka kikawa hicho. Inatibika vizuri, lakini dawa moja inayotumika sana huku kwetu, kabamazepini, inaweza kuizidisha. Tafadhali usiisome sentensi hiyo ukamwachisha dawa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua. Isome kama sababu ya kwenda kuonana na daktari wiki hii.

La nne, kwa haki, ni mchezo wenyewe. Wapo watu wachache sana ambao kuamua jambo gumu, kwenye sataranji, karata au hesabu, huwawashia kifafa, na baadhi yao wana aina ile ile niliyoieleza ya mishtuko ya asubuhi. Ni nadra, lakini nisipokuambia nitakuwa nimekuficha. Dalili yake iko wazi: mtu hushtuka au huanguka akiwa anacheza, mkono ukiwa juu ya ubao. Wa kwako anaanguka asubuhi. Na mwanga wa simu? Wanaosumbuliwa na mwanga unaomemeteka ni kama 3 katika kila 100 wenye kifafa, na ubao wa sataranji haumemeteki, umetulia kama sahani.

Sasa bahari. Nilipofika kwenye sentensi ile nilishtuka kuliko nilipofika kwenye simu. Umemnyang'anya kitu ambacho kwa kiasi kikubwa ni salama, na unatamani arudi kwenye kile kinachoua wagonjwa wangu. Kijana mwenye kifafa akianguka akiwa na simu mkononi, simu inapasuka kioo. Akianguka ndani ya maji, hata ya kiunoni, anazama kimya bila kupiga kelele, na wenzake watadhani anapiga mbizi. Kwa sasa, wakati anaanguka mara kwa mara, asiingie baharini kabisa. Akishakaa miezi mingi bila kuanguka, daktari wake ataamua, na hata hapo awe na mtu mzima anayeogelea vizuri, anayejua ana kifafa, na aliye karibu kiasi cha kumshika. Na nyumbani aoge kwa ndoo, mlango usifungwe kwa komeo.

Kuhusu simu, nakuelewa. Mzazi akiona mtoto anaanguka hushika kilicho karibu. Lakini ukiificha moja kwa moja utapata hasara mbili: mtoto hatasema nawe, na ataacha kukuambia dalili. Kijana anayeogopa kunyang'anywa kitu huficha hata mishtuko. Wengine wataitafuta simu ya jirani na kucheza humo gizani, na hapo utakuwa umeupoteza usingizi na ukweli kwa pamoja. Kumwachia tu acheze atakavyo nako siwezi kukushauri, kwa sababu ya zile asubuhi tatu.

Ningefanya hivi. Mrudishie simu leo, mkononi, na umwambie shemeji alikosea na wewe uliogopa. Kisha mkubaliane kwamba simu inalala chumbani kwako kila siku saa mbili na nusu za usiku, siku za mapumziko zikiwemo, yeye alale saa tatu. Akiamka saa kumi na moja alfajiri, huo ni usingizi wa saa 8. Acheze mchana, na apunguze ile michezo ya dakika chache, achague mirefu ya dakika kumi au zaidi. Hata Benoni yake itapona. Kama shuleni au mtaani kuna anayeujua mchezo, mtafutie ubao wa kawaida na mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Umaarufu wa mtandaoni ni mtamu, ila siku akianguka, wenzake wa mtandaoni watadhani ameishiwa bando.

Na huyo wa kukaa naye afundishwe la kufanya: amlaze ubavu, aweke kitu laini chini ya kichwa, aangalie saa, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ameumia, apelekwe hospitali wakati huo huo.

Usisubiri hilo litokee ndipo uende. Kuanguka mara tatu kwa kijana aliyekuwa ametulia kunatosha kumwona daktari anayemtibu, na kumwomba ampeleke kwa mtaalamu wa kifafa akiona inafaa. Nenda haraka zaidi kama kuna maumivu ya kichwa yanayomwamsha usiku na kumtapisha, kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, kama anaona vitu viwili viwili, au kama tabia au usemi wake umebadilika. Dalili hizo ndizo zinazotufanya tupige picha ya ubongo, na nazitaja kwa sababu najua neno "uvimbe" halitatoka kichwani mwako kwa kusoma jibu langu tu. Mwambie daktari unaliogopa. Aliseme yeye baada ya kumpima.

Beba pakiti za dawa zenyewe, zikiwa na majina na miligramu zake, uzito wake wa sasa, na kama kuna ndugu aliyemrekodi akiwa ameanguka, beba video hiyo. Dakika moja ya video hunisaidia kuliko nusu saa ya maelezo. Mwanao naye aende na simu yake. Kwenye akaunti ya sataranji kila mchezo umeandikwa tarehe na saa uliyochezwa. Mwombe daktari akae na mwanao wafungue usiku ule wa kuamkia kila siku aliyoanguka, usiku mmoja mmoja, waone mchezo wa mwisho ulikwisha saa ngapi. Mwache mwanao aisome saa hiyo mwenyewe.